Mkanda wa Matuta

Nilipoambiwa nitafundishwa kuorodhesha filamu za maktaba, swali la kwanza lililonijia lilikuwa hili: nani anazinunua?

Msinicheke. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalianza kujaa sabuni na betri, mitumba ikamwagwa sokoni Lushoto mpaka watoto wa shule wakavaa makoti ya wazee wa Ulaya, na sisi tulioajiriwa na serikali tukajifunza kumwogopa mgeni mwenye kalamu. Kiwanda kidogo cha mbao alichofanyia kazi mjomba wangu kilianza hivyo hivyo. Walikuja watu wapole, wakahesabu misumeno, wakaandika, wakashukuru kwa chai. Haukupita muda, geti likatiwa kufuli jipya na mjomba akarudi nyumbani kulima kabichi. Kwa hiyo ukiniambia kuorodhesha, mimi nasikia mnada.

Nilikuwa msaidizi tu pale maktaba. Nagonga mihuri, narudisha vitabu rafuni, nawanyamazisha wanafunzi. Filamu zenyewe zilikaa kwenye stoo ya nyuma tangu gari la sinema la serikali lilipokufa. Watu wa umri wangu wanalikumbuka gari lile. Lilipanda vijijini na projekta na jenereta, likatuonyesha kwenye shuka jeupe namna ya kuchimba choo na kuogesha ng'ombe. Mapigano hakuna, mapenzi hakuna, vyote vilikuwa vitu vya kweli vya kutufundisha. Tulikaa kwenye nyasi tumejifunika mashuka kwa baridi, tukiomba angalau mtu mmoja ateleze aanguke.

Mwalimu aliyekuja kunifundisha alitoka makao makuu, Dar es Salaam. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, chupa ya chai mkononi kwa sababu alishaambiwa baridi yetu haina adabu. Nilimpa shikamoo yake, akaitikia vizuri, nikampokea mzigo. Lakini tulipofika stoo, hata kabla hajaketi, aliokota kopo moja la mkanda, akalitikisa sikioni kama mtu anayepima nazi, akalifungua, akanusa.

"Huu bado mzima," akasema. "Mkanda ukinuka siki, ujue unakufa."

Nikajisemea moyoni, mnunuzi huyu anaijua bidhaa.

Siku ileile akaja mfanyabiashara mmoja wa mitumba tuliyemfahamu sote. Alisimama mlangoni, akaipima stoo kwa macho kutoka ukuta hadi ukuta, akauliza tunahama lini. Mwalimu akamjibu kwamba hilo si lake. Mimi nikamtazama mwalimu, nikamtazama yule bwana, nikaunganisha nilichounganisha. Sikuwahi kuwa mtu wa kumeza maneno, basi bwana yule alipoondoka nikauliza.

"Mwalimu, tukimaliza kuandika, filamu hizi zinakwenda wapi?"

Hakunificha. Alisema stoo inapangishwa. Filamu chache zinazofaa zitabaki kwenye kabati la maktaba. Zenye thamani ya pekee zitakwenda makao makuu. Zilizobaki, hasa zile zinazorudia jambo lilelile, zitafutwa.

"Kufutwa ndiyo nini?"

"Kutupwa," akasema, akajimiminia chai.

Ukweli huo ndio ulionitia wasiwasi kuliko kama angenidanganya. Mtu anayekwambia mabaya yote mapema, mara nyingi kuna moja ameliacha mfukoni.

Tukaanza kazi. Dirisha la stoo tulilizibia kwa blanketi, projekta tukaiweka juu ya meza ya kusomea, na ukuta uliopakwa chokaa ukawa shuka letu. Somo la kwanza lilikuwa kutoliamini kopo. Kopo lililoandikwa habari za kahawa lilikuwa na wakunga ndani. Lililoandikwa wakunga lilikuwa tupu, na panya amelala humo raha mustarehe. Jina la filamu, alisema mwalimu, linachukuliwa kwenye mkanda wenyewe unapoanza kuonekana ukutani. Ukilikuta kopo linasema vingine, unaandika pembeni kwamba kopo linasema vingine. Na ni mwiko kuandika kadi ya orodha kwa filamu ambayo hujaitazama hadi mwisho, hata kama inahusu mbolea.

Kadi yangu ya kwanza ilikuwa ya filamu ya josho la ng'ombe. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba wananchi wanafurahia josho jipya. Mwalimu akaisoma, akashusha miwani.

"Umewaona wakifurahi?"

Tukaurudisha mkanda. Wanaume walikuwa wamesimama wamefumbata mikono, mmoja akatema mate chini, mwingine akampa mgongo mkubwa wa serikali aliyekuja kukata utepe. Sura za watu waliofiwa.

"Sasa nani kakwambia wanafurahi?"

"Msimulizi, mwalimu."

"Basi andika, msimulizi anasema. Kilichoonekana na kilichosemwa usivipike sufuria moja."

Hapo, nakiri, alinipata. Nilikuwa nimemjia na shaka zangu zote nikidhani ni silaha dhidi yake, kumbe ndiyo kazi yenyewe. Nyumbani kwetu tumezaliwa hivyo, ukoo mzima. Tukipewa chenji tunaihesabu mbele ya mtu, tukipewa salamu tunauliza zimetoka kwa nani na kwa nini leo. Sasa hapa palikuwa na ajira ambayo mtu analipwa kwa kutoamini. Nilianza kufika mapema asubuhi kuliko yeye, na bado simwamini.

Siku moja nilimuuliza kitu kilichokuwa kikinikera. Kama msimulizi anadanganya hivi, kwa nini filamu hizi tunaziweka upande wa mambo ya kweli? Si tungeziweka na hadithi?

Alifikiri kidogo. "Mtu wa hadithi anaambiwa simama hapa, lia. Hawa waliokuwepo walikuwepo. Jua lile liliwapiga kweli. Uongo uko kwenye mdomo wa msimulizi, na mdomo wake nao ulikuwepo, kwa hiyo tunauandika."

Basi tukafika kwenye makopo ya matuta.

Kwa msomaji asiye wa milima yetu, nieleze. Wakati wa mkoloni, watu wa Usambara waliamriwa kuchimba matuta kukata miteremko yote ya mashamba, eti udongo usichukuliwe na mvua. Huenda maarifa yalikuwa ya kweli, mimi si mtu wa kilimo. Lakini yalikuja kwa fimbo. Mteremko wa kwetu ukisimama unaugusa kwa mkono, na mtu anaambiwa auchimbe wote, na wachimbaji wengi walikuwa wanawake. Asiyechimba alitozwa faini au alilala ndani, mahabusu. Hadi leo ukilitamka neno matuta mbele ya wazee wengine, wanabadilisha mazungumzo.

Filamu za matuta zilikuwa kadhaa, zimefanana kama mapacha, na moja tulishaichagua ibaki. Zilizobaki mwalimu alikuwa anazipitisha kwa kutimiza sheria tu. Akaweka mkanda mwingine. Ukutani wakatokea wanawake wamejipanga kwenye mteremko, migongo kwetu, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Msimulizi, sauti ya mtu aliyeshiba, akasema akina mama wa Usambara wanaimba kwa furaha kumshukuru Bwana Shamba kwa maarifa mapya. Chini ya sauti yake wimbo ulisikika. Ulikuwa wa Kishambaa.

Nilicheka kabla sijajizuia. Wale mama walikuwa wanamtukana Bwana Shamba. Huku kwetu, siku ya msaragambo, yaani watu wanapokusanyika kufanya kazi moja, kiongozi wa wimbo anaruhusiwa kusema lisilosemeka, wenzake wanamwitikia, na anayeimbwa kama haijui lugha anachekewa vizuri usoni. Walimwimba miguu yake. Wakamwimba ile fimbo yake ya kupimia matuta, na wakamwelekeza pa kuisimika. Maneno yenyewe siyaandiki hapa, mama yangu yu hai na anasoma.

Kisha kiongozi akapandisha sauti peke yake, nikaacha kucheka. Sauti ile ilikuwa na mkwaruzo. Ilipofika juu ilikatika, ikapotea kidogo, halafu ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Naijua sauti hiyo. Ilituita kula kutoka ng'ambo ya bonde utoto wangu wote. Alikuwa mama mkubwa, dada yake mama, aliyenilea sawa na mama mwenyewe, akafariki nikiwa bado shuleni. Hatuna hata picha yake moja. Alikataa kupigwa picha maisha yake yote, akisema hajui zinapelekwa wapi. Na hapo ukutani napo alikuwa ametupa mgongo, sikuweza hata kujua yupi ni yeye.

"Unacheka nini?" mwalimu akauliza.

"Nimekumbuka kitu, mwalimu."

Sikumwambia. Nilitaka kwanza kujua angefanya nini na habari hiyo. Akaandika kadi fupi, akalifunga kopo, akaliweka kwenye rundo la kutupwa.

Mchana kutwa nikawa nalitazama rundo lile. Niliandika upuuzi kwenye kadi za filamu nyingine, mpaka mwalimu akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Mwisho nikamwambia yote, wimbo unasema nini na anayeimba ni nani.

Akavua miwani kabisa. Nikaona kwamba na yeye ana macho ya kwetu, ya kuhesabu chenji mbele ya mtu.

"Kila mji ninaokwenda," akasema, "nikisema mkanda fulani unatupwa, mtu anagundua ana shangazi ndani yake."

"Wangu ni mama mkubwa."

"Na anayeijua lugha hiyo humu ndani ni wewe peke yako. Nikiandika matusi kwenye kadi ya maktaba kwa neno lako tu, nitaulizwa. Mlete mtu aliyekuwepo."

Aliyekuwepo alikuwa mama.

Nilimkuta nyumbani jioni, anapukuchua maharage kwenye ungo. Nilimwamkia, nikakaa, nikazunguka kidogo, halafu nikasema.

"Nani anataka kujua?" akauliza.

"Mwalimu wangu wa maktaba."

"Na nyuma yake yuko nani?"

"Hakuna, mama. Ni filamu tu."

"Mara ya mwisho serikali kuuliza habari za matuta, babu yako alilala ndani. Waliuliza kwa upole hivyo hivyo."

Nikamwambia nimemsikia dada yake akiimba. Aliendelea kupukuchua. Kisha akasema mtu aliyekufa haimbi, nimepigwa changa la macho na watu wa Dar, na atakuja siku ya gulio alisikie hilo changa kwa masikio yake. Habari ya kutupwa sikumwambia. Nilijua angeiona ni mtego wa kumfanya aseme.

Siku ya gulio alikuja na kanga zake mbili juu ya sweta, kikapu cha mapea akakiacha kwangu mezani. Mwalimu alisimama, akampa shikamoo kwa heshima zote. Mama akaitika marahaba polepole, kama anayepima mzigo kabla ya kuubeba. Akaketi. Nyuma ya ukuta, yule bwana wa mitumba alikwisha kuanza kuingiza mabelo yake ya nguo kwenye ukumbi wa pembeni, tukasikia vijana wake wakiyaburuza sakafuni.

Mkanda ukaanza. Wanawake, majembe, sauti ya aliyeshiba, wimbo. Nilimtazama mama badala ya ukuta. Uso wake haukutikisika. Vidole vyake tu vilikuwa vimeshika pindo la kanga na haviliachi.

Mkanda ulipokwisha mwalimu akauliza, taratibu, "Mama, wale wanaimba nini?"

"Wanamsifu Bwana Shamba," mama akasema kwa Kiswahili safi. "Alikuwa mtu mwema sana."

Mwalimu akanigeukia. Akaandika. Kopo likarudi kwenye rundo lake.

Nikamgeukia mama kwa Kishambaa, na adabu nikaisahau mlangoni. Nikamuuliza kwa nini anadanganya mchana kweupe. Akaniambia nipunguze sauti, kwamba mimi sijui kulala ndani wala sijui kumpelekea mtu chakula huko. Nikamwambia basi vizuri, ameshinda, hawa wanautupa mkanda, na dada yake anakwenda jalalani leo hii pamoja na panya.

"Wanamtupa nani?"

"Huyo unayesema hayupo."

Alilitazama lile rundo, kisha blanketi la dirishani, kisha mwalimu. Nilimwona anampima yule mama wa Dar tena upya, miwani, chupa ya chai, viatu. Halafu akasema kwa Kiswahili, "Rudisheni."

Mwalimu akauweka tena. Dada mtu akaanzisha, na mahali pa kuitikia, mama akaitikia. Alikuwa amekaa vilevile, mikono magotini, macho ukutani, na sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba kuliko ninayoijua, ya msichana. Aliitikia kila mahali bila kukosea. Ile sauti ya mkwaruzo ilipokatika juu, mama alinyamaza na kuisubiri, ikarudi, wakaendelea pamoja. Mabelo ng'ambo ya ukuta yaliacha kuburuzwa. Mimi nililia, sikujificha.

Kisha akamtafsiria mwalimu neno kwa neno, pamoja na fimbo na pa kuisimika. Kalamu ya mwalimu ilisimama hapo.

"Niandike hivyo hivyo, mama?"

"Si kazi yako kuandika kilichopo?"

Akaandika. Msimulizi anasema wanawake wanashukuru, wimbo wa Kishambaa unamtukana Bwana Shamba. Akauliza jina la mama, kama shahidi.

"Langu acha," mama akasema. "Andika la dada yangu. Yeye hawamfikii tena."

Akalitaja, na la baba yake, na la babu yake, akamfanya mwalimu ayasome aliyoyaandika. Mwalimu akaeleza kwamba mwimbaji anayejulikana hupewa kadi yake mwenyewe kwenye kabati, kadi ya nyongeza, ili mtu akimtafuta kwa jina ampate. Mama akauliza kama serikali ina karatasi nyingine yoyote yenye jina hilo. Tulifikiri wote watatu. Kodi hakulipa, wanawake hawakutozwa. Shule hakwenda. Cheti cha kuzaliwa hakuna, na kaburi lake lina jiwe la mtoni tu.

Kisha mwalimu akalichukua kopo, na badala ya kuliweka na filamu zinazobaki, akaliweka kwenye rundo la tatu.

"Mbona huko?" mama akauliza.

"Huu sasa una thamani ya pekee, mama. Unakwenda makao makuu, utatunzwa vizuri. Nitawaletea nakala kwenye kaseti."

Mama hakubishana. Alinitazama tu. Angenyamaza, ungetupwa. Amesema, unachukuliwa. Akafunga kanga yake, akatuachia mapea mawili, akaenda sokoni.

Nakala haikuja. Niliandika barua, nikajibiwa inashughulikiwa. Nikaandika tena, sikujibiwa. Mwalimu alishahamishwa, sijui wapi. Hadi leo sijaamua kama alikuwa mchukuaji mwerevu kuliko wote niliowahi kukutana nao, au mtu mwema aliyeajiriwa na wasiojibu barua. Alinifundisha kazi, na siku ya kuondoka aliniachia ile chupa ya chai. Stoo ikajaa mitumba.

Kadi ilibaki. Kila siku ya gulio, akishauza mboga zake, mama alipita maktaba. Hakunisalimia mbele ya watu, alijua niko kazini.

"Yupo?" aliuliza.

"Yupo, mama."

Hakuniamini hata mara moja. Alivuta droo mwenyewe, akapekua kadi moja moja hadi aifikie, na kwa kile kisomo chake cha watu wazima akaisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, jina la dada, la baba, la babu. Akishahakikisha hawajamuuza, aliifunga droo. Siku moja hakuifunga. Alisimama pale ameshika kadi, na akaanza kuitikia, kwa sauti ya chini, akiacha nafasi mahali pa kiongozi. Wanafunzi wakainua vichwa vyao, wakanitazama mimi, maana kibao cha kunyamaza kilikuwa juu ya meza yangu. Nikaulaza uso wa kibao mezani, nikaendelea kugonga mihuri.